Yai Viza la Profesa Torkel

Sandhult, 4 Februari 2019

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua utaanza kuuliza kama nakula, basi nianzie hapohapo: nimekula, na nimetapika. Ni ile keki ya kijani ya sherehe, yenye krimu ndani na ua la sukari juu. Profesa Torkel aliinunua kumsherehekea Lulu. Alilamba kisu mbele ya watu, Shangazi, upande huu na upande huu, kisha kwa kisu hichohicho akanikatia mimi kipande. Nikala kwa adabu. Chooni nikakirudisha chote.

Ngoja nikueleze Lulu ni nani, maana nikikuacha hivi utadhani profesa kazaa.

Kazi yangu unaijua kidogo. Galaksi zinazunguka kwa kasi mno. Kwa uzito huu tunaouona zingekuwa zimesambaratika zamani. Kwa hiyo huko kumejaa kitu kizito kisichoonekana, ndicho wanachokiita maada ya giza. Ni kitu gani, hajui mtu. Profesa Torkel ameshikilia miaka nenda miaka rudi kwamba ni mashimo meusi ya kale. Si yale yanayotokana na nyota kufa, hapana, ni mengine yaliyozaliwa pale mwanzo kabisa, kabla hata nyota moja haijawaka. Shimo la namna hiyo hulioni. Lakini likipita mbele ya nyota ya mbali, mvutano wake unaukunja mwanga na kuukusanya, na nyota ile inang'aa kwa muda, halafu inarudi ilivyokuwa. Basi sisi tunakodolea macho mamilioni ya nyota kwa darubini iliyoko Chile, tukingoja moja ing'ae bila sababu.

Sasa, ili tusijidanganye wenyewe, tuna desturi. Profesa anachanganya ming'ao ya bandia ndani ya vipimo, ming'ao aliyoichora mwenyewe kwenye kompyuta. Wanafunzi tunatafuta bila kujua upi wa kweli na upi wake. Anayejua ni yeye peke yake. Tukimaliza kutafuta anakaa mbele yetu na kufunua: huu wangu, huu wangu, na huu wangu. Unaobaki ndio wa mbinguni.

Wiki iliyopita alifunua. Wangu, wangu, wangu, mpaka ukabaki mmoja tu. Akavua miwani akalia machozi ya kweli. Ni mng'ao mzuri ajabu, umepanda polepole karibu mwaka mzima na kushuka polepole vilevile. Akaubatiza Lulu. Waandishi wa magazeti wamekuja na kamera. Na huyo Lulu ndiye sura ya mwisho ya tasnifu yangu, ndiye anayenifanya daktari.

Juzi, kwa kutaka tu kumpamba Lulu, nikaomba vipimo vya darubini nyingine iliyoko New Zealand, iliyokuwa inatazama nyota ileile miezi ileile. Shangazi, kule nyota haikung'aa. Hata chembe! Imekaa tu, haina habari kama inasherehekewa.

Unaona maana yake? Lulu ni wa bandia. Ni wake mwenyewe, kamchora kwa mkono wake, na siku ya kufunua hakumtaja. Ama kasahau, ama kanyamaza. Muombe huyo Mungu wako profesa awe kasahau.

Mwanao,
Tyra

*

Bodviken, 9 Februari 2019

Tyra mwanangu,

Marahaba. Kwanza keki ile ina krimu nyingi mno, hata mimi hunivuruga tumbo, kwa hiyo usimsingizie profesa kila kitu. Kama unataka kinyaa, ungekuja juzi kwenye baraza la usharika. Mzee Halvar kaleta kopo la samaki wa kuchacha, la mwaka juzi, limevimba kama tumbo la ng'ombe, kalifungulia NDANI. Ndani ya ukumbi wa kanisa! Maji yakaruka mpaka kwenye picha ya askofu. Jumapili nimehubiri milango ikiwa wazi na baridi ile, na bado waumini walikuwa wanatazamana kwa kutuhumiana.

Sasa sikiliza. Mtu husahau. Mimi niliyekulea nimewahi kumbatiza mtoto kwa jina la kaka yake, mama yake akanidaka mkono maji yakiwa yanatiririka. Yule mzee ametengeneza ming'ao mingapi ya uongo? Mmoja ukimponyoka ni ajabu? Nenda kamuulize, uso kwa uso, kwa heshima. Usiende na hilo domo lako la ukoo wetu wa Hedkvist.

Halafu usisahau kwamba huku nimeshatangaza. Ukumbi wa wazima moto nimeukodi kwa karamu. Gauni la bluu limeshonwa. Kijiji kizima kinajua binti wa marehemu kaka yangu, dereva wa lori la magogo, anakuwa daktari wa mbingu. Tena mzee Halvar ananiuliza kama utaweza kumtibu goti.

Wewe unatafuta kitu kisichoonekana, na mimi kadhalika. Tofauti ni kwamba mimi sidaiwi vipimo. Kwa hiyo usinifokee nikikuambia uwe na subira.

Shangazi yako,
Ingegerd

*

Sandhult, 26 Februari 2019

Shangazi,

Shikamoo. Nimemuuliza. Nimekwenda kwa heshima zote, hata hodi nimebisha mara mbili.

Alikuwa anakula yai la kuchemsha. Analikamulia mayai ya samaki kutoka kwenye ile tyubu ya bluu, mstari mrefu wa pinki juu ya yai, halafu analitia lote mdomoni kwa mpigo. Ukitaka kusema na Profesa Torkel unasema na ndevu zenye makombo.

Nikamwambia, "Profesa, New Zealand hawakumwona Lulu."

"Mawingu," akasema.

"Mwaka mzima?"

"Tyra, mama, darubini ya wale ni ya kuchungulia ndege."

Si kweli, na anajua si kweli, nyota jirani wamezipima vizuri kuliko sisi. Basi nikauliza moja kwa moja. "Ulimweka wewe?"

Akaacha kutafuna. Hakukasirika, Shangazi! Angekasirika ningemsamehe. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyejikojolea, akasema, "Ukifika umri wangu utajua kwamba kuna vitu vya kweli kabla havijaonekana. Mashimo yapo. Lulu ni wa kuwafungulia njia tu. Wewe andika 'huenda'. Neno dogo, halimuumizi mtu." Kisha akanipigapiga begani kwa mkono uleule wa mayai ya samaki. Sweta nimeitupa.

Hakusahau. Alijua tangu siku ile analia. Machozi yale, Shangazi, yale machozi!

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba bila Lulu kazi yangu ni nzuri. Kama maada ya giza ingekuwa mashimo ya kale ya uzito ule anaoutaja Torkel, kwa miaka yote tuliyotazama tungeona ming'ao kwa mamia. Hatukuona hata mmoja. Hilo ni jibu, tena jibu kubwa: kwa uzito ule, siyo hayo, watu watafute kwingine. Lakini kwa Torkel "siyo" si jibu, ni msiba.

Nimeamua. Sura ya mwisho nimeiandika upya, inasema hakuna. Yeye hasomi tasnifu za wanafunzi wake mpaka mwisho, taasisi nzima inajua, anasoma pale anaposhukuriwa tu. Tarehe 3 Mei tasnifu inapigiliwa msumari kwenye ubao wa taasisi, kama desturi. Ikishapigiliwa ni mali ya watu wote, hakuna wa kuibadilisha. Wiki tatu baadaye natetea mbele ya mpinzani, yaani mtahini wa nje, kutoka Finland, anayeogopwa hata na wake zake wa zamani. Torkel akija kushtuka, ulimwengu umeshasoma.

Lulu ni yai viza lililopakwa dhahabu, na mimi sitalitaga. Nakuomba, Shangazi, usimwambie mtu. Hata Mungu mwambie kwa sauti ya chini.

Tyra

*

Bodviken, 4 Machi 2019

Tyra mwanangu,

Siri yako imelala kwangu na haitaamka. Kula, lala, vaa soksi za sufu. Huku theluji imefika dirishani.

Shangazi

*

Bodviken, 4 Machi 2019

Kwa Profesa Torkel Wallenborg, Taasisi ya Anga, Sandhult

Mheshimiwa Profesa,

Salamu katika Bwana. Hunijui, mimi ni shangazi yake Tyra Hedkvist, na ni mchungaji wa usharika huu. Nimemlea tangu alipokuwa hana meno ya mbele.

Nakuandikia kwa magoti. Mtoto huyu ana moyo safi lakini ana kiburi cha baba yake, ambaye aliwahi kuliacha lori lenye magogo katikati ya daraja kwa sababu bosi kamwita mwongo. Ameniambia kuhusu yule Lulu wenu. Anamwita yai viza lililopakwa dhahabu, nisamehe kwa kurudia lugha hii. Ameandika sura nyingine ya kumkana, na anakusudia kuipigilia bila wewe kujua.

Mimi sijui nani ana haki katika mambo ya nyota. Ninachojua ni kwamba mtoto akigombana na mwalimu wake mlangoni pa kutokea, mlango ndio unaombana vidole. Muite, kaa naye, mpatane kabla ya siku hiyo. Wewe ni mtu mzima, najua utafanya kwa hekima. Naomba pia asijue kwamba nimekuandikia.

Kwa heshima nyingi,
Mchungaji Ingegerd Hedkvist

*

Sandhult, 11 Machi 2019

Mchungaji mpendwa,

Barua yako imenigusa kuliko ninavyoweza kusema. Wangekuwepo wazazi wengi kama wewe, sisi walimu tungezeeka taratibu.

Usiwe na wasiwasi hata kidogo. Tyra ni kama binti yangu. Amechoka, na mtu aliyechoka huona wezi kila mahali. Umefanya jambo jema sana kunijulisha mapema, kwa maana sasa naweza kumlinda asijiumize. Mambo yote yatawekwa sawa, na karamu yako itakuwepo. Nasikia kwenu samaki wa kuchacha ni wazuri mno. Nitafurahi sana kuonja.

Wako katika utumishi wa kweli,
Torkel Wallenborg

*

Sandhult, 29 Machi 2019

Shangazi,

Leo sina shikamoo.

Jumatatu Torkel aliita mkutano. Taasisi nzima, pamoja na yule mwandishi wa gazeti. Akasimama mbele na sura ya msibani akasema kwamba kwa huzuni kubwa, baada ya kukagua mwenyewe kwa mkono wake, amegundua Lulu si wa kweli. Nilidhani nimesikia vibaya. Moyo wangu ukapaa, Shangazi, nikasema kumbe ni mtu, kumbe ana haya!

Kisha akasema Lulu ni mng'ao wa mazoezi. Kwamba mwaka wangu wa kwanza nilikuwa najifunza kuchora ming'ao ya bandia, jambo ambalo kila mwanafunzi analifanya, na kwamba mmoja wangu niliuacha ndani ya vipimo nikausahau. Uzembe wa kijana, akasema, tusimhukumu. Watu wakageuka kunitazama. Ming'ao yangu ya mazoezi niliifuta mbele yake, yeye akiwa amekaa pembeni anakula ndizi! Lakini nani shahidi? Ndizi?

Kwa hiyo sasa yeye ni mwanasayansi mwaminifu aliyelikana tunda lake mwenyewe kwa ajili ya ukweli, na mimi ni yule msichana mzembe. Gazeti limemsifu. Wametumia neno "unyenyekevu."

Halafu kaniita ofisini. Anataka tasnifu yangu ibandikwe karatasi ya masahihisho, ile tunayoichomeka ndani mtu akikosea tarehe au jina. Yangu iseme: Lulu alitokana na kosa la mwandishi, nami mwandishi naomba radhi. Niisaini. Nikisaini, anasema, sura yangu ya "hakuna" itapita, tena ataitetea. Nisiposaini, ataieleza kamati kwamba nilijua na nikaficha. Na akaniambia, "Neno dogo, Tyra. Halimuumizi mtu."

Sasa nikuulize wewe. Pale mkutanoni alisema hivi, nimeyashika maneno yake: "Ndani ya vipimo vyetu kulikuwa na yai viza lililopakwa dhahabu." Akanitazama akatabasamu.

Maneno hayo nimeyaandika mara moja tu maishani mwangu. Kwako.

Uliniambia siri imelala. Kumbe uliilaza na Torkel kitanda kimoja! Nikimfikiria Torkel napata kichefuchefu, nimeshazoea. Nikikufikiria wewe, umekaa pale jikoni unamwandikia kwa ule mwandiko wako mzuri wa mialiko ya harusi, nashindwa hata kumeza mate.

Usije kwenye utetezi. Gauni mpe mtu mwingine.

T.

*

Bodviken, 3 Aprili 2019

Tyra,

Ni mimi. Nilimwandikia siku ileile niliyokuandikia wewe, kwa kalamu ileile, wino haujakauka. Sikukuuza kwa fedha wala kwa chuki. Nilikuuza kwa hofu ya ukumbi wa wazima moto, kwamba ningesimama pale na vikombe na watu na wewe usiwe daktari. Nikaiita busara.

Sikuombi unisamehe. Hiyo ni kazi yangu kuwaambia watu wengine, na leo nimejisikia nikiwaambia nikaona aibu ya kola ya uchungaji niliyovaa. Kanijibu, unajua? Kaniandikia kwamba wewe ni kama binti yake, na kwamba angependa kuonja samaki wetu. Nimeisoma ile barua na nikaenda kunawa mikono kwa sabuni ya vyombo.

Usiisaini. Potelea mbali ukumbi, potelea mbali udaktari. Nakwambia mimi niliyekuponza: usiisaini.

Ingegerd

*

Sandhult, 4 Mei 2019

Shangazi,

Nimesaini.

Hukutegemea, eh? Mimi pia. Nilikaa na karatasi ile mezani mwezi mzima. Kila asubuhi nilisema leo naichana. Rafiki zangu wa taasisi wakaacha kukaa nami wakati wa kahawa. Si kwa ubaya, wanasogea tu, kama unavyosogea kwenye basi mtu akiwa na kikohozi. Mmoja akaniambia, "Saini bwana, yaishe, kila mtu anamjua Torkel." Kila mtu anamjua! Ndicho kilichonimaliza, Shangazi. Kumbe wanajua wote, na wanakunywa kahawa.

Jana nimepigilia. Torkel mwenyewe alinishikia tasnifu ubaoni nisijigonge kidole, nikaupiga msumari ukapita kwenye kona ya tasnifu na kwenye kona ya ile karatasi. Watu wakapiga makofi. Akanikumbatia. Ananukia mayai ya samaki na sabuni ya kunyolea, na harufu imebaki kwenye nywele zangu, nimeziosha mara kadhaa haitoki.

Nilikukasirikia kwa sababu uliniponza kwa hofu. Sasa mimi nimefanya hivyohivyo, tena kwa kujua zaidi yako. Sina tena uso wa kukufukuza. Utetezi ni Ijumaa, tarehe 24. Njoo ukitaka. Vaa chochote.

Tyra

*

Bodviken, 27 Mei 2019

Kwa Daktari Tyra Hedkvist,

Nakupa cheo chako kwa kuwa nilikuwepo ulipokipata.

Nilikuja na kola ya uchungaji badala ya gauni. Nilikaa nyuma. Nikakusikiliza ukimjibu yule Mfini, na nitasema kweli: sikuelewa nusu, lakini niliona jinsi alivyokuwa akiinamia meza kukusikiliza, mtu mkubwa vile, na nikalia kwa fahari kama mwehu. Ulipomwambia kwamba hamkuona kitu na kwamba kutokuona huko ndilo jibu mliloleta, yeye aliandika upesi. Baba yako angekuwepo angepiga honi.

Karatasi ile yule Mfini aliigusa kwa ncha ya kidole tu. Akasema, "Na hili kosa dogo, tuliache." Torkel mstari wa mbele akaitikia kwa kichwa kwa upole.

Halafu mwenyekiti akasema, kama sheria yenu inavyotaka, kwamba yeyote aliyemo ukumbini anaruhusiwa kuuliza. Watu wakaanza kuvaa makoti, maana inaonekana hakuna anayeulizaga. Mimi nikasimama. Nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya hilo tu. Niliufunga mlango juu ya vidole vyako, basi nikataka kuufungua mbele ya watu wote. Nikauliza, kwa sauti ya mimbarini ili asikie aliye mbele: "Mtahiniwa, hii karatasi ya masahihisho, yaliyoandikwa humo ni kweli?"

Ulikuwa na nafasi, Tyra. Mfini aliinua kichwa. Mwenyekiti alikaa tena.

Ukasema, "Ndiyo, ni kweli."

Hilo ningelimeza. Umechoka, umeogopa, mimi ni nani wa kuhukumu. Nisichoweza kumeza ni kilichotangulia. Kabla ya kunijibu ulimtazama yeye. Ulimtazama Torkel kwanza, kama mbwa anavyomtazama bwana wake kabla ya kugusa sahani, na alipokubali kwa kope tu, ukanijibu.

Sikubaki kwenye keki. Nimeendesha gari mpaka nyumbani, nikasimama mara moja njiani kando ya barabara kutapika. Ukumbi wa wazima moto nimeufuta; wazee nimewaambia umeugua. Nao wameomba kwa ajili yako, na mimi nikaongoza sala hiyo, uongo juu ya uongo.

Sina zaidi.

Ingegerd

*

Sandhult, 3 Juni 2019

Kwa Profesa Torkel Wallenborg

Profesa,

Nakala ya barua hii wameipata mkuu wa taasisi, wajumbe wote wa kamati, mpinzani wangu kule Finland, na yule mwandishi aliyekusifu unyenyekevu. Ya shangazi yangu nimeitia sanduku la posta kwanza, kabla ya yako.

Karatasi ya masahihisho iliyomo ndani ya tasnifu yangu ni ya uongo. Nilijua ni ya uongo nilipoisaini, na mbele ya ukumbi nikasema ni ya kweli. Lulu hakutokana na mazoezi yangu. Ulimweka wewe, siku ya kufunua hukumtaja, na nilipokuuliza hukukana. Sina shahidi. Nina vipimo vya New Zealand, na nina neno langu, ambalo baada ya tarehe 24 halina thamani kubwa, na hilo ni kosa langu mimi si lako.

Utasema nimechanganyikiwa. Utasema kwa upole, ukiwa umekunja mikono. Sema. Nimekuogopa miaka sita na nilidhani ni heshima. Leo nimekaa nikaitazama vizuri nikaona ni kinyaa tu, kinyaa kilichokosa mahali pa kutokea. Unatia kinyaa, Profesa. Si kwa mayai wala kwa ndevu. Ulililia mng'ao uliouchora mwenyewe, na ukatuacha sisi tukufute machozi.

Jambo moja usiliguse. Sura yangu ya mwisho ni sahihi. Tuliangalia kwa uaminifu, kwa miaka mingi, watu wengi wakikesha kule Chile kwa baridi, na mashimo yako hayakuwepo. Wale watu hawakudanganya. Ukijaribu kuizamisha kazi yao pamoja na mimi nitapiga kelele kila mahali watakaponiruhusu kusimama.

Asubuhi hii nilikwenda ubaoni na koleo. Msumari ulikuwa umeingia sana, ilibidi niuvute kwa mikono miwili. Karatasi ile nimeitoa, na tasnifu nimeirudisha mahali pake kwa msumari uleule. Mlinzi aliniuliza nafanya nini, nikamwambia nasahihisha.

Ofisi ya masomo inangoja niombe cheti cha udaktari. Nimewaandikia kwamba siombi, mpaka haya yachunguzwe, na wakiamua sistahili basi sistahili. Wamesema hawajawahi kupata barua ya namna hiyo na hawajui waiweke wapi.

Tyra Hedkvist,
bila cheo